Mama, Nimewafukuza Wageni Wako

Mama yangu,

Shikamoo. Najua huko uliko husikii, lakini barua yako nitaianzaje bila shikamoo? Ungeninunia.

Nakuandikia nimekaa barazani kwako hapa Mudhaibi, Omani, pale pale ulipokuwa ukikaa baada ya sala ya alasiri na dele lako la kahawa. Unaikumbuka siku ya kwanza? Ulikuwa mwaka wa ukame. Paa jike aliteremka mlimani, akapita pale ukuta ulipobomoka, akasimama katikati ya majani ya mbuzi wetu. Mimi nikashika fagio. Ukaniwahi: "Wee! Mgeni hafukuzwi. Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Figo zilikuwa zimeshaanza kukusumbua, na ulilisema hilo unacheka, kana kwamba paa ndiye daktari mwenyewe.

Ukamwita Bi Harusi, kwa wanja wake wa machoni. Ukakataza ukuta usizibwe. Kila alasiri uligonganisha vikombe viwili vya kahawa, kama mwenyeji wa huku anavyowaita wageni wasogee, kisha ukajaza maji beseni. "Hayyakum, tafadhalini, nyumba yenu." Mwaka wa pili alikuja na mtoto. Mwaka wa tatu alikuwa akisikia vikombe tu anakuja, hata maji hayajamiminwa. Uliringa nao! Uliwaambia wanawake waliokuja kukutazama kwamba paa wako wana adabu kuliko wajukuu zako.

Hukupona, mama. Siku za mwisho ulinishika mkono ukasema, "Wageni wangu nakuachia wewe." Nikasema inshallah. Nikagonga vikombe kila alasiri, hata siku ambazo chakula kilinishinda kwa msiba wako.

Wiki iliyopita vijana wasiojulikana walisimamisha gari bondeni, nyuma ya nyumba. Ami Salum, jirani yetu, aliwakuta akitoka shambani. Wageni ni wageni. Akatandika mkeka, akawakirimu kahawa aliyokuwa nayo. Akagonganisha vikombe. Bi Harusi akatoka kwenye migunga, akaja moja kwa moja mpaka pembeni ya mkeka. Mmoja wa vijana alikuwa na bunduki garini. Ami Salum anasema aliifuata bila haraka, maana paa hakukimbia. Alikuwa anangoja maji.

Ami Salum alikuja kwangu kilemba mkononi. "Binti yangu, wallahi nilisahau. Mkono wangu ndio uliomwita." Nilitaka kumwambia kwamba mkono ule ulikuwa wetu, wako na wangu. Bonde zima linakunywa kahawa, mama. Sisi ndio tuliomfundisha mnyama wa porini kwamba penye vikombe pana amani.

Nilikukasirikia, nalisema wazi. Nilikukasirikia kaburini kwako, kisha nikalia kwa aibu.

Mtoto wa Bi Harusi amebaki. Alikuja siku ya pili yake, akasimama penye beseni peke yake, yatima mwenzangu. Nikamrushia mawe. Siku tatu nilikosa kwa makusudi, naye akazidi kusogea, anadhani nacheza naye. Jana nimempiga ubavuni. Akalia, sauti ndogo tu. Sikujua kama paa hulia. Akatoka mbio kwa pale penye pengo.

Leo asubuhi fundi ameliziba. Vikombe nimevifunga katika kanga yako, nimevitia sandukuni. Kahawa nanywa kwa bilauri, na haina ladha.

Alasiri hii nimesikia kwato zake nje ya ukuta. Zilikwenda, zikarudi, zikasimama. Nilikuwa nimeshika jiwe, mama. Nisamehe. Sikuwa na kitu kingine cha kumkirimu.

Lala salama,
mwanao, kitinda mimba wako