Maharagwe Yako Yameshinda Tena, Papa

Mpendwa Papa,

Nakuandikia nikiwa Ndosho, mtaa wa Goma, mikono imevimba kwa kuvunja mawe ya kujengea. Shule niliiacha darasa la tano, unajua, kwa hiyo usihesabu makosa. Lakini habari hii siwezi kukaa nayo peke yangu.

Unakumbuka shirika lenu la walimaji lilivyoanza? Mvua ya mawe ilikuwa imemaliza mashamba ya mlima wetu kule Masisi, wakabaki wachache wenye mbegu. Mkaanzisha maonyesho ya kila mwaka, baada ya mavuno. Vyungu vinatelekwa pamoja, maji na chumvi tu, na maharagwe yanayoiva kwanza bila kupasuka ndiyo yanashinda. Kisha ile sheria yenu: mshindi anamgawia kila aliyeshindwa kikombe kimoja cha mbegu.

Mwaka uliposhinda mara ya tatu mfululizo, nilikasirika. Nilikuuliza kama tumeshinda ama tumeadhibiwa, maana gunia lilikuwa linakwisha mbele ya macho yangu. Mama Furaha, jirani yetu, alipokea kikombe chake akakutania kwamba amekuja kuchukua mshahara wake wa kushindwa. Wewe ukanijibu polepole: "Mbegu ya mutu mumoja inakufa naye."

Sikukuelewa. Vita ilipotukimbiza, mimi ndiye niliyebeba mbegu zetu. Kambini watoto wangu walilia njaa, nikazipika zote. Hukunikemea. Ulikula kidogo, ukageukia upande wa turubai. Ulikufa ukiamini kazi yako imeisha, na jambo hilo limenilemea kuliko jiwe lolote.

Papa, haikuisha. Mwezi uliopita, sisi watu wa mlima wetu tuliotawanyika Goma tulifanya maonyesho tena, uwanjani pa parokia hapa Ndosho. Mimi niliteleka maharagwe ya kununua sokoni. Hadi mwisho yalikuwa magumu kama kazi yangu. Mama Furaha alileta yako, yale mekundu yenye madoa meupe. Alikimbia nayo ndani ya pindo la kitenge, akayapanda kila msimu penye udongo kidogo. Yakaiva ya kwanza, hata moja halikupasuka. Vigelegele vilisimamisha wenye pikipiki barabarani.

Nikapanga mstari na walioshindwa. Zamu yangu ilipofika, nilimwambia ukweli, kwamba za kwetu nilizipika. Alicheka, akajaza kikombe hadi kikamwagika.

"Chukua, mutoto wa Muzee. Na hizi usipike."

Nimebeba udongo kwa magunia, nikaumwaga juu ya mawe meusi ya volkano nyuma ya nyumba. Sasa maharagwe yanapanda miti niliyoyasimikia. Jirani yangu mwenye asili ya Bukavu aliniuliza ni kitu gani. Naye ameshajiandikisha kwenye shirika. Mgongo bado unauma, sikufichi. Lakini mwaka ujao nitateleka chungu changu kando ya cha Mama Furaha, na nimemwambia ajizoeze kupanga mstari.

Pumzika, Papa.

Mimi mwanao mkubwa, mlimaji tena.