Baba Mdogo Ameonekana Kwenye Televisheni

Dar es Salaam,
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Nimeandika kwa herufi kubwa ili usihangaike kutafuta wa kukusomea, maana haya nataka uyasome peke yako. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko? Kahawa mmeshamaliza kuchuma? Mimi ni mzima. Nimepungua kidogo, lakini ni kwa ajili ya kazi, usije ukaogopa.

Ujumbe wako mke wa mchungaji amenifikishia. Umesema niache. Umesema watu wa Tunduma wanaangalia, na maneno yameshapanda mpaka huko kwetu Hasamba. Ngoja nikueleze mwenyewe, kwa sababu wewe huna televisheni na wanaokuhadithia wanaongeza chumvi.

Unajua niliacha cherehani nikaingia kwenye kikundi cha maigizo. Safari hii tunaigiza tamthilia ya televisheni, ya miaka ile ya mwanzo ya ukimwi, watu walipokuwa wanakufa na sisi tunatafuta mchawi. Anayetuongoza ni mama mtu mzima, Bi Zuhura. Siku ya kwanza alituketisha akasema, "Sitaki ya kubuni. Kila mtu anieleze alichokiona kwao."

Zamu yangu ilipofika nikamweleza habari za dada Eliza. Alivyokuwa akipika wali pale Tunduma, akiwauzia madereva wanaosubiri kuvuka mpaka, na masufuria yale yale yakatusomesha sisi wadogo zake. Alivyorudi nyumbani amebaki mifupa. Nikaeleza kwamba baba alikuwa ameshafariki, na mji ameushika mdogo wake, Baba mdogo Gideoni, naye ndiye aliyeamuru Eliza alazwe kwenye banda la kahawa. Alikukataza kumwogesha mwanao. Alisema ukiingia mle, wewe na watoto wako mtafute pa kuishi. Chakula kikawa kinasukumwa mlangoni kwa ufito, kama anayelishwa ni mbwa mkali.

Na siku ya maziko nikaieleza vilevile. "Huyu asilale na wafu wetu." Ndivyo alivyosema. Eliza akachimbiwa kule mwisho wa shamba, karibu na barabara, hakuna aliyeruhusiwa hata kuanzisha wimbo. Baba mdogo akakung'uta mikono, akarudi nyumbani, akaagiza ugali.

Bi Zuhura akaniuliza, "Utaweza kuwa Eliza?"

Nikasema nitaweza.

Anayeigiza kama Baba mdogo ni Mzee Kondo, mtu wa Pwani, mpole sana. Nilimfundisha mimi. Nilimwonyesha jinsi ya kutupia koti mabegani bila kuingiza mikono. Nilimfundisha kile kikohozi cha kabla ya amri, na kile kicheko cha puani mtu akilia mbele yake. Nilikuwa mtoto, mama, lakini nilimtazama vizuri. Tulipomaliza kupiga picha ya bandani, Mzee Kondo alitoka nje, akaegemea ukuta, akaja kuniomba radhi. Mtu ambaye hakutufanyia chochote ndiye aliyeniomba radhi.

Sasa sikiliza. Juzi Baba mdogo amenipigia simu. Sijui namba yangu kaipata wapi. Hakunijulia hali.

"Umenitangaza," akasema.

"Sijamtaja mtu, Baba. Kijiji kina jina lingine, na yule mzee ana jina lingine."

"Watu wanasema ni mimi. Nikipita Tunduma wananyamaza. Kanisani wanahama benchi."

Nikamuuliza, "Watu wamejuaje?"

Nikamsikia anapumua tu. Sitakuficha, mama, pumzi ile niliisikiliza kwa raha. Niliitamani tangu nikiwa mtoto.

Halafu akaanza kubembeleza. Akasema mimi ni mwanawe, damu haiwi maji. Akaniomba nimwambie mkubwa wetu wa kazi kwamba mwishoni yule mzee aonekane kaburini akiomba msamaha. "Hata kidogo tu," akasema, "ili watu waone nilijuta."

"Ulijuta lini?"

"Sasa yule mtoto si alikwisha kufa?"

Yule mtoto. Hata jina hakulitaja.

Nikamwambia, "Kaburi unalijua, ulilichagua mwenyewe. Mama yake yupo, hajahama. Nenda kwanza, tutakuigiza baadaye." Nikakata simu.

Bi Zuhura naye alikuwa amefikiria mwisho wa namna hiyo, wa kupiga magoti na machozi. Nilikataa. Nilimwambia mimi nilikuwepo na sikuona mtu akipiga magoti. Tumepiga picha ilivyokuwa: mzee anakung'uta mikono, anaketi, anakula, anaomba aongezewe mboga. Basi, imeisha. Watu wa kamera walibaki wamesimama.

Umesema nisamehe kama mchungaji anavyofundisha. Wewe ukimsamehe sitakuzuia, Eliza ulimzaa wewe. Mimi bado, na sijui kama nitafika. Ila naona sasa aibu itamsukuma mpaka kwako. Akija, mwache asimame uani. Usimpe kiti mpaka alitaje jina la Eliza kwa kinywa chake. Na usimwonee huruma kwa sababu ya mvi. Eliza hakupewa nafasi ya kuota mvi.

Nisalimie mjomba Asheri, na shemeji anayekusaidia shambani, na shangazi wa Mbozi Mission, yule aliyekuwa akikuletea sabuni na dawa kwa kificho. Mwambie naye yumo kwenye tamthilia, na amepewa mwigizaji mzuri. Wadogo zangu wote uwabusu.

Baba mdogo Gideoni usimpe salamu. Zake anazipata kila Jumatano, baada ya taarifa ya habari.

Ni mimi mwanao,
Tumaini