Raibenshe Si ya Babu Yangu

Maskati, mwisho wa 1970

Gopal, rafiki yangu,

Nnakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha yetu: wewe Mbengali, dobi uliyeishi Unguja miaka kumi na miwili kabla ya kuhamia Maskati, na mimi Nasor, niliyezaliwa kule nikaja huku na sanduku moja baada ya mapinduzi. Hapa Sidab, mtaani kwetu, jamaa zangu walikicheka Kiarabu changu. Wewe hukunicheka.

Tulifanya mazoezi uani kwako, kwa mianzi ya kuanikia nguo. Ngoma ilikuwa imekatazwa na Sultani wa zamani, basi ukazijaza njuga matambara zisilie, ukazifunga mguu wa kulia. "Hii raibenshe," ukaniambia. "Wazee wetu wakiicheza kabla ya kwenda vitani." Ukavuta upinde usiokuwepo, ukarusha mkuki usiokuwepo, kisha ukanipandisha mabegani. Nimeanguka mara ngapi? "Tena, Nasor. Adui hakungoji ujipanguse."

Mwaka huu ngoma ziliporuhusiwa, Ami Seif alialika watu uani kwake. Nikacheza. Peke yangu, na mwanzi wako. Walisimama wote, Gopal. Mzee mmoja akauliza nimejifunza wapi, na mimi, miaka sita nikitafuta japo kitu kimoja cha kunifanya mtu mbele ya jamaa zangu, nikajibu, "Kwa babu yangu."

Ndipo nikakuona mlangoni. Ulikuwa umeleta kanzu za Ami, umezibeba mikono miwili zisikunjike. Nilingoja useme. Ukanitazama, ukasema, "Babu yako alikuwa hodari," ukampa mtumishi zile kanzu, ukaenda zako.

Laiti ungenitukana! Wiki iliyofuata ulinipigia pasi kama kawaida, ukaniuliza habari za mama. Kila siku nilijiambia, kesho ntamwomba radhi. Homa ikakuua ndani ya siku nne. Wenzako Wahindu walipouchoma moto mwili wako, kwa desturi yenu, mimi nilisimama mbali, nyuma ya ukuta, nikiogopa mtu asije akaniuliza wewe ulikuwa nani kwangu.

Na bado sikukoma. Ami aliniletea vijana wa ukoo niwafundishe "ngoma ya babu." Nikawafundisha. Mwezi mzima nikiyasema maneno yako kwa kinywa changu.

Ijumaa iliyopita, Ami amekaa akitutazama, mmoja wao alianguka, akakaa chini akiushika mguu. Nikafungua mdomo nimwambie yale ya adui, nikauweka mwanzi chini. Nikawaambia. Kwamba babu yangu hakucheza ngoma hata siku moja, alikuwa akiuza halua. Kwamba hii ni ya Gopal, dobi, kutoka Bengali.

"Dobi?" Ami akasema. Akavaa viatu. "Umetutia aibu." Vijana wengi wakamfuata. Wamebaki watatu, na yule aliyeanguka akaniuliza jina lako linaandikwaje.

Usidhani nimepumzika. Nimesema kweli, ndiyo, lakini niliwaambia wao. Wewe ndiwe niliyepaswa kukuomba radhi, pale mlangoni, mikono yako imejaa kanzu, na hatua kumi tu baina yetu.

Kwaheri, ndugu yangu. Nnakuahidi hili: popote ntakapocheza, kabla ya kunyanyua mguu ntalitaja jina lako na kazi yako, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni.

Nasor