Dampa ya Pikipiki Yako Nyekundu

Rafiki yangu,

Mama yako ameniomba nisitaje jina lako, si kwa mdomo wala kwa kalamu. Najua kwenu aliyekufa hatajwi. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha, mwaka alipofariki babu yako, nikabwata jina lake mbele ya wazee na ukanikanyaga mguu mpaka nikanyamaza. Kwa hivyo nitakuita rafiki tu. Hata yule mtoto wa dada yako aliyepewa jina lako amebadilishiwa, sasa anaitwa Lekishon. Dada yako anasema akiitwa huitika vizuri, lakini kwanza hutazama barabarani.

Kitengela hungeitambua. Pale tulipokuwa tukisimamisha pikipiki kungoja nyumbu wavuke, sasa kuna seng'enge na vibao vya ploti. Isinya kumejaa mahema meupe ya maua. Simu za mkono siku hizi hata wachungaji wako nazo. Nimezeeka kidogo na tumbo limetoka, na hakuna wa kunicheka.

Pikipiki yako imepitia kwangu gerejini. Baba yako alitaka ichomwe. Hakuna mtu wa kwenu aliyekubali kuigusa, ikabaki kando ya boma chini ya turubai, mbuzi wakiizunguka kwa mbali. Halafu mdogo wako Lemayian akamaliza shule, akapata kazi Kajiado, akasema ni yake na ataiendesha. Walimsihi, wakamkaripia, lakini unamjua, akaileta kwangu. Ni wewe mtupu.

Ndipo mama yako akaja gerejini, amevaa lile shuka lake la buluu. Alisimama mlangoni, hakuingia. Akaniambia, "Njoroge, huyu siwezi kumzuia. Tengeneza hicho chuma kisiue huyu pia." Akatema mate kidogo kwenye viganja vyangu, kunibariki, akaenda zake. Nilikaa na mikono yangu wazi kama mjinga, sijui niipanguse au niiache.

Sasa, wewe na mimi tunajua kilichokuua. Dereva wa lori aliyekuwa nyuma yako alitueleza: ukipita Isinya, kwenye ule mteremko ambao upepo wa mbuga hupiga kutoka ubavuni, usukani ulianza kucheza kushoto kulia, kushoto kulia, haraka kuliko macho, mpaka ukakutupa. Pikipiki za mbio zina ugonjwa huo, na dawa yake ni dampa, ile shoki ndogo ya mafuta inayofungwa kati ya fremu na foku, ile miguu miwili inayoshika tairi la mbele, ili usukani usigeuke kwa ghafla. Nilikuambia mara ngapi? Ulikuwa unanyoosha ile mikono yako mirefu unaniambia, "Dampa ni hizi." Bado nakasirika nikikumbuka. Nakasirika hata sasa hivi ninapoandika.

Nilianza na yaliyo ya kwanza. Beringi za shingo ya usukani nilizitoa nikaweka mpya, kwa sababu dampa haitibu beringi iliyoliwa, inaficha tu. Nikanyoosha foku, nikabadilisha tairi zote mbili. Kisha nikatafuta dampa, na hapo utacheka. Wajua ile mikono ya gesi inayoinua buti la gari? Ina fimbo, ina silinda, kwa macho ni dampa kabisa. Nusu ya mafundi wa hapa wangeapa ni kitu kimoja, na mimi nikiwemo. Nikaufunga mmoja. Asubuhi nikafungua mlango nikakuta usukani umegeuka wenyewe wote kulia, tairi limeelekea barabara ya Namanga. Nikaunyoosha, nikaachilia, ukageuka tena mbele ya macho yangu, polepole, kama unavyogeuza shingo ukiitwa na mtu usiyetaka kumsikia. Nilitoka mbio hadi kwa Bishar wa duka la spea. Alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka mpaka akaishika kaunta. Gesi husukuma, akasema, wakati wote, hata pikipiki ikilala. Akanitolea dampa ya kweli kutoka kabati la nyuma, akaivuta fimbo na kuirudisha. "Hii haisukumi mtu," akaniambia. "Inakataa mwendo wa ghafla, basi."

Nilichagua ile ndefu kati ya mbili alizokuwa nazo. Nilifunga uzi kutoka fremu hadi foku, nikageuza usukani wote kushoto, kisha wote kulia, nikaona uzi unavyorefuka na kufupika, ili fimbo isifike mwisho wake kabla usukani haujafika wake. Nikatengeneza kishikio cha chuma, nikakaza. Kuna kidude cha kuzungusha kwenye silinda, cha kukaza na kulegeza. Nikakiweka katikati, usukani nikauacha umenyooka, nikafunga mlango kwa kufuli. Ufunguo ni mmoja na nalala nao.

Asubuhi usukani ulikuwa umegeuka kulia.

Sikucheka. Hakukuwa na gesi sasa. Kidude kilikuwa kimekazwa mpaka mwisho, na nilipoishika silinda ilikuwa na joto. Unajua baridi ya Kitengela mwezi wa saba, spana zinauma vidole. Lakini ile silinda ilikuwa na joto la kitu kilichotoka kazini. Nikalegeza, nikanyoosha, nikafunga. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Mbwa wa jirani, yule aliyekuwa analala chini ya meza yangu, aliacha kuja.

Nikuambie ukweli? Niliogopa mara ya kwanza tu. Baadaye nikawa naamka mapema. Nilikuwa nafungua mlango, naangalia usukani, nakuambia habari za jana nikipasha chai. Nilikuambia nani kaoa, nani kahamia Embulbul, bei ya tairi. Sikumwambia mtu. Nilimzungusha Lemayian kwamba kishikio hakijakaa sawa, mara mafuta, mara rangi, ili tu nikae nawe kidogo. Mwishowe akachoka, akaja akaichukua.

Alirudi kabla ya saa sita, kwa miguu, akiisukuma, suruali imechanika goti. Pale makutano ya stage ya matatu, akienda mwendo wa kutembea, alitaka kukata kushoto, usukani ukakataa. Ukageuka wote kulia, ukamtoa hadi upande wa lori la saruji. Aliweka mguu chini, akaponea chupuchupu kwenye tairi la lori. Nilitazama kidude: kimekazwa mpaka mwisho, na asubuhi nilikuwa nimekilegeza yeye akiona.

Aliketi juu ya tairi kuukuu akautazama usukani. Kisha akasema, "Njoro, kuna mtu ameshika hiyo stering. Na si kwa ubaya. Ni vile alikuwa ananishika mkono tukivuka barabara nikiwa mdogo."

Nilimpa maji anawe goti, nikamwambia aiache pikipiki hadi kesho.

Alipoondoka nilikuja nikasimama mbele ya taa ya pikipiki. Jua lilikuwa bado juu, watu wanapita nje, mwanamke anauza ndizi. Nilikushika mkono, rafiki yangu. Nasema nilikushika, maana ule mpini haukuwa wa baridi. Nikakueleza kama fundi, kwa sababu kwa njia nyingine ningeshindwa. Dampa ikikazwa sana mwendo ukiwa mdogo, mtu hawezi kujisawazisha, anaanguka au anakwenda asikotaka. Kinachokuokoa kwenye mteremko kinakuua stage. Nikakuambia, "Mwachilie ajishikie mwenyewe." Nikarudia mara ya pili.

Asubuhi usukani ulikuwa umenyooka. Kidude kilikuwa katikati, nilipokiacha. Nikaweka kiganja kwenye silinda na ilikuwa baridi kama spana. Niliketi chini kwenye oili nikalia kwa sauti, na mbwa wa jirani akaingia akalala chini ya meza.

Lemayian alienda Kajiado siku hiyo na kurudi. Anasema kwenye mteremko usukani ulitingishika kidogo upepo ulipopiga, kisha ukatulia wenyewe, kazi ya mafuta tu. Mama yako nilimpelekea habari yote. Aliuliza kama silinda ilikuwa baridi kabisa. Nikamwambia ndiyo. Akaingia ndani na hakutoka tena mpaka nikaenda.

Nenda vizuri. Kila Jumamosi Lemayian atapitia hapa kabla ya kushika barabara, na nitaangalia beringi, upepo wa tairi na mafuta ya dampa kwa mikono yangu mwenyewe, na siku nisipoweza, pikipiki hiyo haitatoka. Hilo nakuahidi.

Sikuwahi kukuandikia barua kwa sababu nilikuwa naongea nawe kila asubuhi. Nimeendelea kuamka mapema. Chai napika ya mtu mmoja.

Wako,
Njoroge