Meno ya Wifi Yangu Salha

Maskati, Jumatano, mwishoni mwa mwaka 1970. Joto limeanza kutuachia. Tangu asubuhi majabali yamefunikwa ukungu mwepesi, nami nnatembea ndani ya nyumba kama mtu anayelala macho wazi.

Leo nimempeleka binti yangu Rayya kwa daktari wa meno, Mhindi mmoja mpole. Rayya ana miaka saba. Meno yake ya mbele meupe pe, lakini gego lililomliza wiki nzima limeoza hadi ndani. Wifi yangu Salha alifuatana nasi, maana Rayya akiogopa hakubali kushikwa na mtu mwingine ila yeye.

Salha, dada wa mume wangu, alizaliwa Arusha, baba yao alipokuwa na duka huko, akaja Unguja msichana mkubwa, kabla hatujahamia sote huku Maskati. Meno yake yana madoa ya kahawia. Tangu nimjue, akicheka hujiziba kwa mtandio.

Gego lilipong'oka, daktari akamwomba na Salha afungue mdomo. Akasita, akafungua. Daktari akayagonga meno yake moja moja.

"Huyu hana hata tundu moja," akaniambia kwa Kiarabu chake cha kuungaunga. "Amekulia wapi?"

Nikamwambia Arusha. Akatueleza kuwa maji ya pande zile yana madini mengi yaitwayo floraidi. Mtoto akiyanywa, meno hupata madoa, lakini hayaozi upesi. Si maradhi, wala hayarithiwi. Tena iko miji Ulaya na Marekani inayotia floraidi kwenye maji ya watu wote, kidogo sana, kwa kipimo, meno ya watoto yasioze.

Njia nzima nikawa naota. Siku hizi, tangu aje sultani mpya, kila mtu hapa anaota barabara na taa. Mimi nikaota mabomba. Nikaona maji yanaingia kila nyumba, hakuna tena madebe ya kisimani, na mahali fulani mtu makini anapima ile dawa kwenye tangi kubwa. Watoto wanakunywa, wanakimbia kucheza, hawajui hata wametunzwa.

Kisha neno moja likanizindua.

Hayarithiwi.

Mwaka jana watu wa Bustan, kijiji cha jirani, walikuja kumposa Salha kwa ajili ya kijana wao. Mama wa kijana akanivuta kando, akaniuliza habari ya yale meno. Nikamwambia, "Allahu aalam, huenda ni maradhi ya kurithi."

Hawakurudi.

Na sikusema kwa ujinga tu. Nilikuwa sitaki Salha aondoke. Ndiye aliyemlea Rayya pamoja nami, ndiye ninayezungumza naye mchana kutwa katika mji huu nisioujua. Nilimtaka abaki, basi nikamfungia mlango.

Alasiri nimemkuta jikoni anachambua mchele. Nikamwambia yote. Hakuinua uso.

"Nnajua, wifi. Yule mama aliniambia siku ile ile, akitoka."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

Akaokota kijiwe, akakitupa.

"Nilidhani umesema kweli."

Nimekaa na maneno hayo mpaka sasa. Kesho, inshallah, nakwenda Bustan. Nasikia kijana bado hajaoa. Nitamwambia mama yake aliyoyasema daktari, na nitamwambia kwa nini nilisema niliyoyasema, apende asipende.

Hilo naliweza. Lakini mwaka mzima Salha alioishi akiamini damu yake ina ila, huo nitamrudishia vipi?