Nyongeza ya Ugali wa Udongo

Jumatatu, 3 Novemba
Nimepiga picha mizani kubwa, mizani ndogo ya jikoni, kipimo cha urefu, friji ndogo na viti sita. Kila kitu na bei yake. Picha zimeenda kwenye magrupu yote ya Migori. Mwenye nyumba anataka chumba kabla ya mwezi kuisha. Amepata mtu wa simu anayelipa kodi mara mbili. Miaka tisa nimefundisha mji huu kula, leo kliniki ya lishe inatoka ili makava ya simu yaingie. Sawa. Silii.

Jumanne, 4 Novemba
Mnunuzi wa vyuma kuukuu alitaka mizani kubwa kwa kilo. Nimemfukuza. Viti vyote vimeenda kanisani. Pasta aliomba nipunguze kwa jina la Bwana. Bwana hakunichangia nilipovinunua. Sikupunguza.

Alhamisi, 6 Novemba
Mizani kubwa imeuzwa. Ile inayosoma mpaka mafuta ya mwili, niliyoilipia mkopo wa chama miaka miwili. Aliyekuja ni dereva, Odhiambo, ametumwa na tajiri wa Homa Bay. Alilipa bila kubishana. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Akasimama mlangoni, macho kwenye rafu.
"Daktari, na nyongeza?"
Mimi ni mtoto wa muuza omena, dagaa wa ziwani. Mama hakuwahi kuacha mteja aondoke bila kumwongezea konzi moja juu ya gorogoro, kopo lake la kupimia. Mkono wangu ulifika rafuni kabla ya akili. Nikampa sanduku la vyakula vya udongo: ugali, kipande cha samaki, fungu la sukuma wiki. Nilivifinyanga mwenyewe mwaka wa kwanza, kuonyesha wagonjwa kiasi cha kula. Odhiambo alifunga mlango wa gari haraka mno.

Ijumaa, 7 Novemba
Mgonjwa mmoja tu. Mama Pamela wa Rongo, ana kisukari. Amesahau kiasi cha ugali. Nikageukia rafu. Tupu. Nikamwonyesha chati ya karatasi, akaitazama kama tangazo la chifu.
"Leta ule wa udongo, daktari. Ule naelewa."
Mashine nimeiuza. Kliniki nimeitoa bure.
Nimempigia Odhiambo mpaka akataja jina. Tajiri ni Achieng. Achieng niliyemtoa kaunta ya duka la dawa, nikamfundisha kazi, akaondoka na namba za wagonjwa wangu. Nakaa, nasimama, napanga rafu isiyo na kitu.

Jumatatu, 10 Novemba
Nimetoka Homa Bay. Chumba chake kiko juu ya duka la nyavu, kisafi kuliko changu. Mizani yangu iko kwenye kona, haijatolewa hata plastiki. Ugali wangu uko katikati ya meza. Alikuwa na mvuvi, jitu zima, ameambiwa aweke ngumi kando ya ugali.
"Ngumi yako, baba. Si ya jirani."
Maneno yangu. Hata pale pa kupumua ni pangu.
Mvuvi alipotoka nikataja bei ya sanduku. Bei nzuri. Achieng hakuketi mbele yangu. Heshima hiyo bado anayo.
"Madam, nyongeza hairudishwi. Si wewe ulinihadithia, ya mama yako na omena?"
Ni kweli nilimhadithia.
"Mizani ukitaka beba. Hiyo nilinunua ndio nipate kuomba nyongeza. Mkono wako naujua."
Nikamuuliza kwa nini hakuja kuomba mwenyewe.
"Ungenifukuza."
Ningemfukuza. Sikubeba mizani. Kilichouzwa kimeuzwa. Njia nzima nilitafuta tusi la kumtumia, nikalikosa. Mvuvi yule alikuwa ameelewa.

Jumatano, 12 Novemba
Nimerudisha funguo. Mizani ndogo ya jikoni haikupata mteja, nimekuja nayo nyumbani. Nilinunua udongo kwa mama wa vyungu, nikakaa nyuma ya nyumba, nikafinyanga ugali kwa kipimo cha ngumi yangu, kama zamani. Umetoka mdogo. Nimeurudia. Mdogo vilevile. Miaka tisa, na mkono nao umepungua.
Ngumi ya Mama Pamela haizidi hii. Nimempigia simu: aje Alhamisi ijayo, apitie mlango wa nyuma, kiti kipo.
Ugali nimeuanika kivulini, usipasuke.