Aliyemnyima Sifa Usingizi

Kalemie, Jumapili baada ya misa

Kwako Yaya Damiano, kaka yangu mkubwa,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. U mzima? Goti lako je, bado linakusumbua kwenye vilima vya Kirungu? Na maharage yamekubali mwaka huu? Sisi hatujambo. Mimi nimenenepa, usicheke, na binti yangu Sifa analala.

Ndiyo, umesoma vizuri: analala. Yule mtoto wa miaka saba aliyetukeshesha sote hapo nyumbani sasa anafumba macho na kukoroma mpaka asubuhi. Si kila siku, nisikudanganye, lakini siku nyingi. Yaya, nina furaha hadi naimba nikianika ndagala zangu, hawa dagaa wa ziwani.

Nilimpeleka kituo cha afya. Muuguzi, mama mmoja mpole, akamtazama uso, akampima kichwa, kisha akanigeukia mimi.

"Wakati ulikuwa na mimba yake, ulikuwa unakunywa pombe?"

"Hapana, Mama. Nilikuwa naonja tu. Nilikuwa nauzisha lutuku."

"Unaonja namna gani?"

Nikamweleza ile kazi niliyoifanya huko kabla ya kuhamia hapa. Mnunuzi wa pombe kali kama lutuku hagusi kikombe mpaka muuzaji anywe kwanza mbele yake, aone kwamba haina sumu. Kila mnunuzi, tangu asubuhi, nami tumbo liko hapa.

"Njo ile, mama," muuguzi akasema. "Mutoto naye alikuwa anakunywa. Ubongo yake iliumia mule mule mu tumbo, njo maana usingizi inamukimbia. Haiko bulozi, hakuna mutu alimuloga."

Nililia, Yaya. Akaniacha nilie, kisha akasema dawa ya kuliondoa jambo hilo haipo, ila mtoto anaweza kusaidiwa. Tangu hapo kila jioni mambo ni yale yale, kwa saa ile ile: kuoga, uji, sala, giza. Nguo ya kulalia naigeuza, mishono ikae nje isimkere. Chandarua nimekifunga juu kisimguse uso. Hata jirani yangu muuza makala ya kupikia anazima redio, yeye anayeipenda kuliko mume wake! Shuleni Sifa bado anasahau alichofundishwa jana, lakini hapigi tena wenzake.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike, maana kwenye simu ungenikatiza. Tulisema Shangazi Kaomba ndiye aliyechukua usingizi wa mtoto, eti kwa sababu alikuwa wa kwanza kumpakata. Wewe ukamkataza kukanyaga uani. Mimi nilikuwepo, nikanyamaza. Kwa kweli nilipumua, maana lawama zilipata mtu na mtu huyo hakuwa mimi. Mzee wa watu anapika peke yake na kula peke yake miaka yote hii. Naona haya sana.

Uisome barua hii kwa sauti mbele ya familia yote, Shangazi akiwa ameketi hapo. Usiruke mahali panaponitaja. Lutuku niliinywa mimi.

Nisalimie wifi yangu, mpishi wa ugali wa bukari usio na mabonge, na katekista, baba wa ubatizo wa Sifa. Shangazi usimpe salamu zangu. Nitampigia magoti mwenyewe. Likizo kubwa tunakuja, na Sifa atalala kwake.

Mdogo wako akupendaye,
Beatrisi